Ubao wa Saba

"Usinitaje na kinywa hicho," Benedicte alisema. "Kinywa hicho kimempeleka bwana yangu kwa polisi. Kisiguse jina langu."

"Mimi nilisema yenye niliona." Nelima hakuinua kichwa. Alikuwa ameinamia beseni, akisuuza vikombe vilivyokuwa safi tangu suuza ya kwanza. "Afande akiniuliza nimdanganye? Nimwambie Jumapili nilikuwa kipofu?"

"Jumapili ulikuwa kanisani. Macho ulipata Jumatatu."

Watu wa uani walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaojua kwamba kesho wataazima chumvi kwa pande zote mbili. Vyumba vinane vilitazamana pale, vinne kwa vinne, na kila mlango ulikuwa na mtu aliyekumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kufanya nje. Mmoja alifagia palipofagiliwa. Mwingine alianika shati kavu.

Sajini Akidi alisimama kwenye lango la mabati, hakubisha. Miaka kumi na mmoja ya upelelezi ilikuwa imemfundisha jambo moja: kituoni watu hutoa maelezo, uani hutoa ukweli. Ukweli wa uani huja umefungwa ndani ya matusi, na kazi ya mpelelezi ni kuufungua taratibu asimwage chochote.

"Mfitini," Benedicte alisema.

Nelima akasuuza kikombe.

"Mwongo wa kuapa na Biblia."

Nelima akasuuza kikombe.

"Na tena mukaanga samaki gani weye? Batu wanakula samaki yako, weye unapika maharage. Mwezi muzima maharage. Muulizeni anaogopa nini ndani ya ile samaki."

Mkono wa Nelima ulisimama majini. Ulisimama kwa muda wa pumzi moja tu, kisha ukaendelea, lakini Akidi alikuwa ameuona. Mwanamke ameitwa mfitini hakujali, ameitwa mwongo hakujali, na maharage yakamsimamisha. Akidi aliliweka hilo akilini, akasukuma lango.

"Hamjambo wa hapa."

Mafagio yakaharakisha. Benedicte alifunga kitenge chake upya kiunoni, machozi na hasira vikigombania uso wake. "Afande, umeleta Ambroise?"

"Bado, Mama Tresor."

"Kesho wanapeleka ile barua?"

"Kesho asubuhi, wakiamua."

Barua hiyo kila mtu wa mwalo wa Nsonzi, bandari ndogo ya wavuvi, aliijua, hata wasiojua kusoma. Mwaka ule wa tisini na tisa Ulaya ilikuwa imefunga mlango kwa samaki wa ziwa, kwa sababu ya watu waliokuwa wakimwaga dawa ya wadudu majini na kuzoa kilichoelea. Mialo yote ya Kampala ilikuwa ikijisafisha mbele ya wakaguzi. Nsonzi wao waliamua kujipamba pia: mbao kumi na mbili za plaiwudi zilitundikwa kwenye uzio unaotazama maji, na fundi wa kuzichora akawa Ambroise, Mkongo wa Bukavu. Alichora viumbe vya ziwani kwa namna yake, na namna yake hakuna aliyeielewa. Hakukuwa na samaki mwenye jicho na mapezi kama wa kwenye kibandiko cha dagaa. Kulikuwa na mawimbi ya rangi, madoa, mikwaruzo ya fedha. Watu walisema mtoto wa chekechea angeweza, kisha wakasimama kutazama kwa nusu saa.

Jumapili, watu wakiwa ibadani, mtu aliuparua ubao wa saba. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi. Mubiru, mwenyekiti wa mwalo, alisema ni Ambroise mwenyewe, kwa chuki, ili kuwaaibisha wenyeji waliompokea. Nelima akaongeza kwamba alimwona ubaoni na kisu. Barua ya kuomba kibali chake cha ukimbizi kifutwe ilikuwa imeshaandikwa, inasubiri muhuri. Kibali kikifutwa, ni lori hadi mpakani, na ng'ambo ya mpaka ule vita vilikuwa vinakula wanaume wa umri wa Ambroise bila kuuliza wanachora nini.

"Mama Khaemba," Akidi alimwambia Nelima, "nirudie tu kidogo. Ulimwona saa ngapi?"

"Saa nne na kitu. Nilitoka kanisani mapema, kichwa kilinigonga."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Barabarani. Pale kwa mashine ya barafu."

"Na ndugu yako Masinde? Mtumbwi wake huwa karibu na uzio. Labda yeye aliona vizuri zaidi."

"Masinde alienda Busia Ijumaa. Tumefiwa na mjomba."

"Poleni."

"Tumepoa," Nelima alisema, akaanza kukausha vikombe na upande wa leso yake.

*

Konstebo Odur alikuwa ameulinda ubao wa saba tangu asubuhi kama mtu anayelinda maiti: kwa heshima, na kwa mbali.

"Hasira, Sajini," alisema. "Tazama. Mtu amepandwa na wazimu."

Akidi aliusogelea. Alichuchumaa. Ambroise alitumia rangi ya magari, mabaki ya makopo aliyoyaokota katika gereji za Kisenyi, na rangi ya gari ikishakauka haibanduki kwa kucha. Aliyeiparua alitumia nguvu na chuma. Palipokuwa na maumbo saba ya fedha palibaki mbao tupu, rangi ikining'inia kwenye kingo tu, na madoa machache mekundu yaliyosalimika.

Alipitisha kidole juu ya mbao. Nyuzi zake zilikuwa zimelala. Kama manyoya ya paka, zinateleza ukienda upande mmoja, zinachoma ukirudi. Katika umbo la kwanza zilikuwa zimelala kutoka kulia kwenda kushoto. La pili, kushoto kwenda kulia. La tatu, kutoka chini kwenda juu.

"Odur, wewe ukiwa na hasira ukaparua ukuta, unaparua vipi?"

"Hivi." Konstebo alichapa hewa, juu chini, juu chini.

"Yote upande mmoja."

"Hasira haina muda wa kugeuka, Sajini."

"Huyu aligeuka mara saba."

Kisha kulikuwa na mikato. Katikati ya kila umbo, baada ya kuparua, mtu alikuwa amekata kwa ncha ya kisu: mistari mitatu ya kulala, sambamba, na mmoja mfupi wa kuikatiza. Saba yote hivyo hivyo. Akidi aliichora kwenye daftari lake, tatu na moja. Hakuwa na jina la kuipa. Kona ya chini tu ndiyo ilikuwa tofauti. Pale hapakuwa na mwelekeo wala mikato. Palisuguliwa hadi plaiwudi ikaachana tabaka.

Pikapu ilisimama nyuma yao. Obura alishuka, Mjaluo mwenye tumbo la mtu anayelipeleka mbele makusudi, mnunuzi wa samaki anayewapeleka viwandani. Akidi alikuwa amemwita yeye hasa. Wiki iliyopita mwalo mzima ulimsikia akimwambia Ambroise kwamba asipouondoa ubao ule, atauondoa yeye.

"Dada afande. Nimekuja kabla hujanifuata."

"Jumapili saa nne ulikuwa wapi?"

"Kisenyi. Gari lilikuwa limelala juu ya shimo, halina giaboksi. Muulize fundi yule Msomali, nilimsumbua mpaka saa nane akanipa kiti nikae mbali."

"Nitamuuliza. Ulitishia kuuondoa."

"Nilitishia. Wewe ungeweza kuuza samaki chini ya picha kama hii?"

"Picha gani? Watu wote wananiambia ni madoa."

Obura alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyeshika kijiko kwa upande wa kuchotea. "Wewe kwenu wapi?"

"Kitgum."

"Ndiyo maana." Kwao Akidi samaki hufika akiwa amekauka na hana la kusema, hilo hakuweza kulibisha. Obura alisogea, akanyoosha kidole kinene. "Hapa mkia. Doa hili jekundu lilikuwa shavu, kwa hiyo kichwa kiko huku. Huyu wa pili amegeuka, mkia wake huku. Na huyu alisimama, mkia chini. Sasa angalia vile wamekaa. Samaki hai akiwa na wenzake anaelekea upande mmoja. Hawa kila mtu na njia yake, kama watu waliotoka kwenye pombe. Na yote matumbo juu. Yule Mkongo alichora samaki wa dawa, dada. Labda hakujua. Mimi nilijua siku ya kwanza, nikamwambia aondoe kabla mzungu hajaona."

Akidi alirudia kwa kidole chake, umbo kwa umbo. Mkia kulia: nyuzi zimelala kutoka kulia. Mkia kushoto: kutoka kushoto. Mkia chini: kutoka chini. Mara saba, bila kukosea. Aliyeparua alianzia mkiani akaenda kichwani, kama magamba yanavyotaka.

"Bwana Obura, umewahi kuparua samaki?"

"Mimi?" Alishika kifua. "Nina mama na nina mke. Mkono huu unajua usukani."

"Basi huo usukani utusaidie. Tupakilie ubao huu, twende nao kituoni."

*

Mubiru aliwatangulia kituoni. Alikaa kwenye benchi la wageni, kanzu imepigwa pasi, bahasha ya kaki juu ya mapaja, akiipapasa kama mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Sajini nnyabo, sasa hiyo mbao mnaitembeza wapi? Mtu yuko ndani, shahidi yuko, kisu anacho. Tunangoja nini?"

"Tunangoja niulize maswali mawili, Ssebo Mwenyekiti."

"Kesho saa tatu barua inaondoka. Mimi nina wageni Alhamisi."

"Saa tatu ni mbali," Akidi alisema, ingawa haikuwa mbali.

Ambroise aliletwa bila mkanda na bila viatu, mikono ameikumbatia kwapani. Alikuwa mwembamba, na kucha zake zilikuwa bado na fedha. Alipouona ubao umeegemezwa ukutani aligeuza uso, kama mtu aliyeonyeshwa jeraha la ndugu.

"Nionyeshe kichwa cha huyu," Akidi alisema, akigusa umbo la kwanza.

Ambroise alifikiri. Akaonyesha mkia.

Obura, aliyekuwa amekataa kuondoka, alikohoa.

"Na huyu?"

"Hapa. Ama hapa." Alikunja uso. "Madame, sikuchora kichwa. Kwetu tuko watu wa mulima, samaki tulimuona kwa sahani. Nilichora vile mwangaza ulikuwa nalala juu ya matumbo yao. Ile nyekundu niliona, nikaiweka. Sijui ni ya nini."

"Ni mashavu," Obura alishindwa kujizuia. "Mashavu, ndugu yangu. Umechora mashavu hujui ni mashavu."

Akidi alichukua kijiko cha chai mezani, akamwekea Ambroise mkononi. "Paruaparua. Hewani tu. Kama unaondoa rangi ya zamani."

Alifanya kama fundi wa rangi yeyote: juu kwenda chini, juu kwenda chini, bega likifanya kazi badala ya kiwiko. Akidi alimtazama Mubiru, ambaye aliacha kupapasa bahasha.

"Aliyeparua anawajua samaki hawa kuliko aliyewachora," Akidi alisema. "Hilo swali la kwanza. La pili ni lako, Ambroise. Hii kona. Palikuwa na nini?"

Ambroise aliitazama ile kona.

"Rangi."

"Rangi gani?"

"Manjano. Na kijani juu yake, mustari moja."

"Ya kitu gani?"

Ambroise alimrudishia kijiko, akakilaza mezani kwa uangalifu. "Mutu wa kibali haoni vitu, madame. Anaona rangi tu. Hivyo ndivyo anakaa nchi ya watu."

"Kibali chenyewe kiko ndani ya bahasha ile," Akidi alisema kwa sauti ya chini. "Ukiendelea kuona rangi tu, kesho hutakuwa nacho cha kukilinda."

Ambroise aliikumbatia tena mikono kwapani. Kisha akasema, akiuambia ukuta: alfajiri moja mwezi uliopita, saa kumi na mbili, alikwenda kutazama maji yanavyobadilika rangi. Mtumbwi ulikuwa karibu na matete. Mtu mmoja alikuwa anainamisha jerikeni. Baadaye fedha ikaanza kupanda juu ya maji, kipande kwa kipande, nzuri sana, na yeye akatoa karatasi akachora kabla haijapotea. Uso wa mtu hakuuona. Aliuona ubavu wa mtumbwi, kwa sababu manjano ile iliipigia kelele fedha yote.

"Manjano na kijani," Akidi alisema.

"Manjano na kijani."

Mubiru alisimama. "Sajini, huyu anatunga. Nsonzi hakuna dawa. Nimeandika hivyo kwa wakaguzi, na sahihi yangu iko."

"Ndiyo unavyotaka iwe, Mwenyekiti. Hata mimi ningetaka." Akafungua mlango. "Ila kila mtu aliyeupita ubao ule anaweza kuwa na sababu ya kutaka iwe hivyo. Wewe mwenyewe ukiwemo. Usiende mbali."

*

Wakaangaji wa Nsonzi walikuwa nyuma ya mzani, chini ya paa la mabati lililotobokatoboka, wanawake sita na karai moja kubwa la mafuta. Ulikuwa mwezi mbaya kwao. Wateja walikuja, wakanusa, wakauliza huyu kavuliwa wapi, wakanunua mihogo. Akidi hakuonyesha kitambulisho. Alikaa kwenye kibao, akamwambia Akoth, mwanamke wa Homa Bay aliyejua habari za mwalo kabla hazijatokea, amkaangie ngege mmoja wa wastani.

"Unakula samaki, afande? Wenzako wanatupita kama ukoma."

"Nitakula nikimwona anavyotengenezwa."

Akoth alifurahi kuwa na mtazamaji. Alimshika ngege mkiani, akapitisha kisu mara nne kuelekea kichwani, magamba yakaruka hadi kwenye kiatu cha Akidi. Akageuza, akarudia. Kisha, bila kutazama, huku akimsimulia Akidi kuhusu mke wa pili wa mtu fulani wa Mbuya, alimkata ubavuni: chwa, chwa. Mistari miwili, kama herufi ya V.

"Mbona unamkata?"

"Chumvi iingie. Na nimjue." Akoth alimtumbukiza, mafuta yakapokea kwa kelele. "Karai ni moja, sisi tuko sita. Akielea pale juu utajuaje ni wa nani? Zamani tulipigana hapa mpaka mtu akaungua. Sasa kila mtu ana mkato wake. Mimi V. Yule pale mmoja mrefu. Huyu dada yangu ana msalaba, lakini tunamwambia samaki si Mkristo."

Wanawake walicheka. Akidi naye alicheka, na alicheka kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda baraza la wanawake. Kisha akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akachora juu ya meza, mitatu ya kulala, mmoja wa kukatiza.

"Na huu?"

"Huo wa Nelima." Akoth hakusita. "Nani amekuuzia samaki wa Nelima? Leo hajaja. Jana hakuja."

"Nimewaona mahali. Saba."

"Saba? Mwezi huu hajawahi kuuza saba."

"Mtu anaweza kukata mkato wa mwenzake?"

Hilo liliwafanya wafikiri. Akoth alijaribu, kisu juu ya ngege mwingine, mitatu na mmoja. Mkono wake ulisimama mara mbili njiani, na mikato ikatoka ya kupinda.

"Unaweza ukijitazama," alisema. "Lakini mkono hautaki. Mimi miaka tisa nakata V. Juzi nilikuwa nalia, mtoto anaumwa, nimekata kipande cha sabuni V. Mkono ukishaparua, unakata. Haukuulizi."

Akidi aliitazama meza. Maji yalikuwa yanakauka, mstari wa kukatiza ukibaki wa mwisho. Aliwaza mwanamke anaparua kwa haraka, moyo uko barabarani akisikiliza kama ibada imeisha, macho yanatazama nyuma, na mikono peke yake inafanya kazi inayoijua.

"Kuna mtumbwi wa manjano hapa," alisema, kama mtu anayebadilisha mazungumzo. "Na mstari wa kijani."

"Wa Masinde, ndugu yake Nelima. Lakini usitafute manjano. Ameupaka bluu Jumamosi, mchana kutwa yuko chini yake na brashi."

"Jumamosi? Niliambiwa alienda Busia Ijumaa."

Akoth alimtoa ngege, akamtikisa mafuta. "Basi Jumamosi aliyepaka ni mzimu wake, na mzimu wenyewe uliniomba kiberiti."

*

Ilikuwa saa nane mchana walipoingia uani. Akidi alimtuma Odur azunguke nyuma, kwenye madirisha, akae hapo asikohoe. Milango mingi ilikuwa imefungwa kwa jua. Mmoja tu ulikuwa wazi: Benedicte alikuwa chini kwenye mkeka, akikunja nguo. Alizikunja ndogo kwanza, kisha kubwa, akizipanga ndani ya mfuko wa mistari ambao watu hununua wakijua hawatarudi.

"Bado, Mama Tresor," Akidi alisema. "Usifunge bado."

"Nikingoja wanifungie, watafunga vibaya." Akamtazama, kisha akatupa kidevu kuelekea ukuta wa jirani. Sauti ikashuka. "Afande, ukuta huu ni mwembamba. Tangu Jumapili yule mama anasali sana. Chini chini, saa zote. Nikasema labda dhambi inamuchoma. Lakini Mungu wake anakohoa."

Akidi aliondoka pale polepole. Akabisha mlango wa Nelima, mara tatu, kwa mkono wazi kama jirani.

Mlango ulifunguka upana wa uso. Nelima alikuwa na mwiko mkononi, unga umegandia kwenye ncha. Nyuma yake kulikuwa na pazia la maua lililogawanya chumba, na pazia lilikuwa linatulia, kama kitu kilichoguswa sasa hivi.

"Nimetoka kwa Akoth," Akidi alisema. "Amenieleza habari ya karai."

Nelima alishika mlango kwa mkono wa pili.

"Mama Khaemba, ulipomaliza kuwaparua uliwakata. Mitatu na mmoja. Wote saba."

Mwanamke alitazama mkono wake mwenyewe, ule wa mwiko, kama mtumishi aliyemwamini miaka mingi na sasa amesikia alichosema sokoni. Alipoongea, aliongea kwa sauti ya mtu aliyechoka kusuuza.

"Sikumbuki kukata."

"Najua."

"Niliona ule mtumbwi kwa kona. Kila mtu alikuwa anauliza hizi ni nini, hizi ni nini, wanacheka. Mimi niliona samaki, nikaona mtumbwi. Nikasema siku mzungu atauliza, mtu mmoja tu akisema ule ni wa nani, imeisha. Sikutaka yule mtu arudishwe kwao. Nilifikiri atalala siku mbili, mumwachilie. Nani anafunga mtu kwa sababu ya rangi?"

"Kwa hiyo Jumapili hukumwona."

"Sikumwona."

"Na samaki wa siku ile? Uliuza?"

"Niliwatupa chooni. Wote. Ndugu yangu aliwaleta kwa gunia, amefurahi kama mtu aliyeokota. Nikafungua shavu moja, likanuka dawa, nikajua." Macho yake yalikuwa makavu. "Tangu siku hiyo samaki hapiti kooni. Nakaanga za watu, naangalia mashavu, naangalia tena."

Akidi hakuandika. Shimo la choo lingechimbuliwa kabla hajaamini neno hilo, na mama huyu alilijua hilo pia. "Masinde yuko Busia," alisema.

"Mimi ndiye nilimwita huku. Nilimwambia njoo, kuna maji."

"Yuko Busia, Mama Khaemba?"

Nelima alitazama juu ya bega la Akidi. Ng'ambo ya uwanja, Benedicte alikuwa amesimama mlangoni pake, shati la mwanamume mikononi, limekunjwa nusu. Matusi yote ya asubuhi yalikuwa yamemwishia, na bila matusi alionekana mdogo, msichana tu aliyetembea kutoka Bukavu na mtoto mgongoni. Shati lile alilikunja nusu iliyobaki, akalishika kifuani, akangoja.

"Saa tatu asubuhi," Akidi alisema. "Nikiwa na mtu wa mtumbwi, barua ile haina kazi. Nisipokuwa naye, nina neno la mkimbizi mmoja, na lako uliyekwisha kudanganya, dhidi ya sahihi ya mwenyekiti."

Nyuma ya pazia mtu alibana kikohozi, kikamshinda.

Nelima alifumba macho. Ilikuwa kama anahesabu, au anasali kweli sasa. Kisha alivuta mlango, si upana wa uso tena. Aliufungua mpaka ukagonga ukuta, akasimama pembeni, mwanga wa uani ukaingia wote hadi kwenye meza ndogo, kwenye sufuria ya maharage, kwenye sahani mbili.

"Mama Tresor," aliita. "Njoo na wewe. Acha nguo." Akamgeukia Akidi, akafuta mwiko kwa leso. "Ingia ule, afande. Ugali ni wa moto. Ndugu yangu ameshanawa mikono."